Daftari Lililonuka Omena

Mwalimu wetu wa kemia alihamishwa muhula wa kwanza, akatuachia kiti chake. Sisi wa Kidato cha Tatu tulikipenda kile kiti. Hakikuchapa mtu. Lakini hakikufundisha pia, na mtihani wa taifa ulikuwa unatungoja mbele.

Kemia nilifundishwa na daftari. Tulikuwa wanafunzi wanne ambao hatujawahi kuonana. Mama mmoja muuza omena alilibeba ndani ya gunia lake: Mbita alikonunua hao dagaa wa ziwani, Magunga, kwetu Migori, soko la Ogwedhi, kisha linarudi lilikotoka. Lilinuka kushinda bweni letu. Majina hatukuandika, kila mtu aliitwa pahali pake. Kabla hujauliza swali lako kwa penseli, unajibu la mwenzako kwa kalamu. Na anayeandika “sijui” hachekwi.

Darasani kwetu ukisema hujui ulizomewa mpaka Ijumaa, na kiongozi wa kuzomea nilikuwa mimi. Ndani ya lile daftari niliandika “sijui” kila wiki, na hakuna aliyeniita mbuzi. Bingwa wetu alikuwa Magunga. Hesabu za moli alinifungulia hivi: “Dazeni ya mayai na dazeni ya maboga, idadi ni moja, uzito si mmoja. Umeshika, Migori?” Nilishika. Sijawahi kushika kitu hivyo.

Muhula wa pili ukurasa wa Magunga ukaja mtupu. Safari iliyofuata, mtupu tena. Mdomo wangu hauna breki, hata kwenye karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAGUNGA AMEOLEWA, TUNANGOJA CHAI NA MANDAZI. Nilidhani ni mvulana, ndiyo maana niliona inachekesha.

Ogwedhi akachora uso unaocheka. Mbita akaandika, “Wewe Migori, acha ujinga.” Halafu, chini yao, ule mwandiko mzuri:

“Mama yangu alifariki, nikaacha shule. Hili daftari ndilo lilikuwa shule yangu. Nilitaka kufanya mtihani nikiwa nyumbani. Shangazi zangu wameshakubaliana na watu wa Karungu, wanakuja kunichukua Jumamosi. Ni kweli, Migori.”

Chini yake alikuwa amejibu swali langu la asidi, hatua zote, hata ile ambayo mimi huruka.

“Mama,” nikamuuliza muuza omena, “alisoma nilichoandika?”

“Alisoma jikoni, amesimama. Akacheka kidogo.”

“Alicheka?”

“Yawa, nyathina, mwanangu, nimesema kidogo.”

Nilifuta kwa mate mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikaandika samahani, bila mzaha hata mmoja, na kazi hiyo ilinichukua jioni nzima. Mbita akapendekeza tumnakilie Magunga sura zote zilizobaki, ili asome huko huko alikoolewa. Tuligawana watatu. Ogwedhi, ambaye mwandiko wake ni kama kuku amepita, alirudia zake mara mbili ili zisomeke. Mama akazipokea zote azifikishe Karungu, akakataa hata asante.

Baada ya wiki mbili alizitoa kwenye gunia, zimekunjwa vilevile tulivyozikunja.

“Mama mkwe wake alinisimamisha mlangoni. Akasema huyu ameletwa kulima, si kusoma.”

“Na Magunga?”

“Alikuwa nyuma yake na jembe. Shika, nyathina, zisilowe mvua hii.”