Kilima Kizima Ndani ya Picha Moja

Nilirudi Bunia kutoka Kampala na diploma ya upigaji picha, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari ya watu. Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye diploma, na sioni kwa nini nilinyamazie jambo hilo. Nilikuja pia na lenzi ya duara iitwayo jicho la samaki, inayobanwa juu ya kamera ya simu. Humeza kila kitu kilicho mbele yake: cha karibu kinavimba, cha mbali kinasinyaa.

Uani kwetu, mtaani Ngezi, niliwapiga picha wote. Shangazi alipouona uso wake, wapwa zangu waliangua kicheko.

"Tantine, pua yako inaanzia Ngezi inamalizikia Nyakasanza!"

"Na weye, kichwa yako iko sawa papai!"

Baba hakucheka. Tangu vita vilipotukimbiza kutoka kilima chetu, ng'ambo ya mji mdogo wa Nizi, hakuwahi kurudi, na mama alibaki kule, katika kaburi lililopakwa chokaa, chini ya mikaratusi. Sasa magoti ya Baba hayangeweza tena safari ya lori. Aliniita kando.

"Nasikia barabara imefunguka kidogo. Enda uniletee foto ya kaburi ya mama yako. Nataka nione kama ingali iko, ao walilima juu."

"Baba, nitakuletea kilima kizima," nikamjibu.

Lori la wafanyabiashara lilinichukua. Dereva alikubali kusimama chini ya kilima, lakini hakuna aliyethubutu kuiacha barabara. Nyasi zilimpita mtu kimo, na nyumba hazikuwa na mapaa. Nikiwa juu ya magunia niliiona mikaratusi, na chini yake kitu cheupe. Nikabana lenzi.

"Ndugu, piga foto tuende! Siye hatulale hapa!" dereva akapaza sauti.

Nilipiga nyingi, zote kwa jicho la samaki. Zilikuwa nzuri kweli: kilima cha mviringo kama yai, mawingu yamekizunguka pande zote. Nilichagua iliyo bora, nikaichapisha kwenye karatasi kubwa.

Baba aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Ni muzuri. Sasa mama yako iko wapi?"

Nilitafuta. Mikaratusi ilikuwa imekonda kama kope. Kwenye simu niliikuza picha mpaka ikawa vidoadoa vya kijani tu.

"Kwa macho yangu niliona kitu cheupe, Baba."

"Mbuzi pia iko nyeupe, mutoto yangu."

Nilimwahidi kurudi na kupiga bila lenzi. Kabla sijapata gari, barabara ilifungwa tena. Baba akawa anamuuliza kila mgeni aliyetoka upande ule, na hakuna aliyekuwa amepita pale kilimani.

Alikufa bila kujua. Tulimzika hapa Bunia. Watu waliokuja matanga waliisifu sana ile picha ukutani, wakaniuliza niliipigaje, nami nikawaeleza.