Mgongo Uliokuwa Mbele Yangu

Nakumbuka nilipanda pikipiki ya kukodi karibu na soko. Dereva sikumjua, na usoni sikumwangalia, kwa sababu mimi huwa siangalii watu usoni. Nilimwambia ninakokwenda, nikakaa nyuma yake, nikashika shati lake pembeni. Lilikuwa la mistari, na kola yake ilikuwa imegeuzwa na fundi ili upande uliochakaa usionekane. Tukaanza kushuka kuelekea daraja la Lukuga. Baada ya hapo naona dari ya hospitali.

Katikati hakuna kitu. Si giza, maana giza mtu huliona.

Mengine nilielezwa. Lori la mizigo lilitugonga. Watu wa kwanza kufika walitukuta tumelala chini ubavu kwa ubavu, mdomo wa dereva uko karibu na sikio langu, naye alikuwa anasema kitu. Walipoinama wasikie, alikuwa amenyamaza. Ndiyo maana niliporudi nyumbani, mgeni wangu wa kwanza hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mama yake.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani.

"Mutoto yangu alikuambia nini?"

"Sikumbuki, Mama."

"Itakuja," alisema. "Mimi nitangoja."

Kwao, kama kwetu, kilio hakiishi mpaka mtu aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho asimame mbele ya watu aeleze alivyoondoka. Hapo ndipo mama anavuliwa nguo nyeusi. Ndugu za dereva walikuwa wameshapanga siku ya kumaliza, wakaisogeza kwa ajili yangu. Mtu mzima alikuwa amefungwa katika nguo ile, akiningoja mimi, ambaye katika miaka yangu yote ya shule ya msingi nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza.

Na kichwa changu hakikuwa kichwa. Mwanga wa asubuhi kutoka ziwani uliniingia machoni kama mchanga. Nilimwomba mama yangu "ile ya kunywea", nikashindwa kusema kikombe. Yeye alitundika kitenge dirishani akanilaza. Kila mtu hapa anajua kwamba aliyegongwa kichwani hatikiswi.

Hospitalini kulikuwa na mama mmoja wa mazoezi ya mwili. Watu wa kazi hiyo tunawaita kine. Tuliporudi kwake kupimwa, alimwambia mama yangu aondoe kitenge kile.

"Kulala kumetosha. Sasa atembee kila asubuhi, haraka haraka, mpaka moyo upige na jasho litoke. Damu ikizunguka vizuri, kichwa nacho kinapata nguvu ya kujifunza tena."

"Kichwa yake itapasuka," mama yangu alisema.

"Hakitapasuka, Mama. Aende kwa mwendo ambao anaweza kusema lakini hawezi kuimba. Kichwa kikianza kumuuma zaidi, apunguze. Kikiendelea, akae chini."

Nikaanza, kwenye barabara ya kando ya ziwa. Katika mji wetu watu hukimbia kwa kundi, tunaita futingi. Mmoja yuko mbele na firimbi, wengine nyuma wanaitikia wimbo, na hakuna anayewashangaa. Lakini mtu anayekwenda mbio peke yake, bila mzigo, ana neno. Wamama waliobeba mabeseni ya ndakala, dagaa wa ziwa letu, walisimama kunitazama.

"We kijana, unakimbia nani?"

"Anakimbia bibi yake!"

"Bibi gani? Huyu hajaoa. Angalia ile shati. Nani alimufulia?"

Walicheka mpaka beseni moja likayumba. Niliinamisha kichwa nikapita.

Moyo wangu ulipoanza kupiga sana, ndipo ulipotokea ule mgongo. Mistari ile, kola ile. Ulikuwa mbele yangu kidogo, ukienda kwa mwendo wangu. Nilipopunguza, ukafifia, na barabara ikabaki barabara. Kesho yake moyo ulipoamka, mgongo nao ukaja. Sijui kama nilikuwa ninaona au ninakumbuka. Wakati ule kichwa changu kilikuwa hakijui tofauti.

Nilimwambia mama wa dereva. Nilifikiri ingemtuliza. Alisimama kutoka kwenye kiti.

"Anakuja! Ongeza mwendo, mwanangu. Mufikie."

Tangu siku ile alikuwa anafika uani kwetu jua likiwa bado chini ya ziwa. Mama yangu alimpa chai, hakuweza kumfukuza mtu aliyefiwa. Tukatoka wawili. Mimi mbele, yeye nyuma na viatu vyake vya plastiki vikipiga lami. Akichoka alikaa juu ya jiwe, akaniita kwa mbali, "Ongeza!" Hivyo mtoto alikuwa mbele yangu na mama yake nyuma yangu, na mimi katikati yao, nikitokwa na jasho.

Jumapili moja kundi la futingi lilitupita, linaimba.

"Fuata hao!" alisema.

Nilifuata. Barabara ilipanda, kichwa kikaanza kugonga kwa ndani, sikupunguza. Mgongo ulikuwa karibu kuliko siku zote. Kisha shingo yake ikaanza kugeuka. Niliona sikio. Niliona mwanzo wa shavu. Ndipo ardhi ikanyanyuka, nikajikuta natapika kando ya mfereji, na wakimbiaji wawili wamenishika mabega. Siku ile nzima maneno yalinikimbia tena. Mama yangu alirudisha kitenge dirishani.

Mama kine alipotuona sote watatu mbele yake, aliuliza nani aliniambia nikimbie.

"Mimi," alisema mama wa dereva.

"Mama, zoezi hili linajenga kichwa. Halichimbi. Kichwa si mgodi wa Manono. Alichosikia siku ile, pengine kichwa hakikukiweka kabisa. Hakikuficha. Hakikuweka."

"Hata neno moja?"

"Pengine hata moja."

Alifunga kitambaa chake vizuri, akatoka bila kuaga. Uani kwetu hakuja tena.

Nilirudi barabarani polepole, jinsi nilivyoelezwa, na kikombe kikapata jina lake. Nikaweza kukaa juani. Mgongo uliendelea kuja.

Kisha mjomba wa dereva alikuja kutuambia kwamba ukoo hauwezi kungoja zaidi. Aliniita pembeni, karibu na jiko.

"Sema hata kidogo. Sema aliita mama yake. Kila mutu anaita mama yake. Nani atakukatalia?"

Nilitembea na sentensi ile kila asubuhi. Haikuwa mbaya. Ingemvua mwanamke nguo nyeusi. Lakini asubuhi moja niliisikia ikisemwa, kwa sauti ambayo si yangu wala ya mjomba, na sikio langu likapata joto kama mtu amepumulia hapo. Nilisimama katikati ya barabara. Sasa sikuweza tena kujua. Kama aliita mama yake kweli, nilikuwa nimeshachanganya ukweli na uongo, na hakuna kine wa kuvitenga.

Siku ya kumaliza kilio walinisimamisha. Uani kwao palijaa watu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nilizungumza nikiangalia mkeka.

"Alikuwa anasema, na mimi nilikuwa karibu, lakini sikumbuki. Nimejaribu. Ninajua shati lake tu. Kola ilikuwa imegeuzwa."

Mjomba alikohoa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hayo njo maneno? Hayo tu?"

"Mimi njo niligeuza ile kola," mama yake alisema. "Kwa mukono, na sindano. Nani mwengine aliiona?"

Nilikuwa nimefikiri ni kazi ya fundi. Mama yake akanyoosha mikono, wanawake wakaja wakafungua kitambaa chake, kisha wakampeleka ndani.

Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha kijani. Akanipa simu yake, yenye picha ya mwanawe. Kumbe muda wote ule hakuwa amesahau kunionyesha picha. Alitaka uso uje wenyewe. Kijana kwenye picha alikuwa anacheka, na jino moja limepishana. Nilimwangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu. Sikumjua.

"Njo yeye?" aliniuliza.

"Sijui, Mama. Mimi nilikuwa nyuma yake."