Alama Chini ya Bahari

Mimi ni mwalimu wa jiolojia hapa Dodoma, na kabla ya safari ile bahari nilikuwa nimeiona mara chache tu, nikiwa nimesimama ufukweni. Watafiti waliponialika nishuke hadi sakafu ya bahari kuchukua mawe, nilikubali kabla sijapata muda wa kuogopa.

Tulikuwa wawili ndani ya tufe la chuma la chombo cha kuzamia, mimi na rubani, mtu mzima kutoka ng'ambo mwenye sauti ya chini. Juu ulikuwa mchana wa jua kali, lakini kadiri tulivyoshuka bluu iligeuka nyeusi, na baridi ikaingia. Pumzi zetu ziligeuka kuwa matone, yakatiririka ukutani. Tulipotua, rubani akawasha taa.

Tope lilikuwa jeupe, laini kama unga wa mtama uliochekechwa. Na mbele ya dirisha langu ilipita mistari miwili sambamba, kingo zake kali, kana kwamba kitu kimeburutwa pale asubuhi ileile.

"Kuna wenzetu wametutangulia?" niliuliza.

"Hapana. Ni alama zangu, za miguu ya chombo hiki. Nilitua hapa na mwenzangu, miaka mingi iliyopita."

Alinieleza kwamba pale maji hayatembei sana, kwa hiyo alama hukaa. Kisha akanionyesha kishimo pembeni. "Pale mwenzangu alichota tope kwa mkono wa chuma wa chombo. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

"Siku hizi yuko wapi?"

"Alifariki."

Nilijikuta nataka kusogea, kana kwamba nimemkalia mtu. Hapakuwa na pa kusogea. Nilikitazama kile kishimo. Ukingoni palikuwa na donge la tope ambalo lilikuwa bado halijaporomoka.

Tulichukua mawe yetu mbali kidogo na pale, tukapanda juu.

Niliporudi nilikwenda kijijini Zuzu kumsalimia mama. Upepo ulikuwa unavuma, vumbi limejaa uani. Nilimwamkia, nikamsimulia yote huku akipepeta mtama.

"Kwa hiyo huko hakuna upepo?"

"Hakuna, mama."

"Wala mvua ya kuzifuta hizo alama?"

"Wala mvua."

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Na ninyi mmeacha zenu?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. "Tumeacha."

Mama alinitazama miguu kwa muda mrefu, kisha akaniambia niingie ndani nikale.