Kumshusha Papa

Mwaka ule sikuweza kukaa. Riwaya yangu ya kwanza niliiandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya friji, maana kila nilipoketi miguu ilianza kucheza yenyewe. Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Papa, baba yangu, aliyekuwa akipunguza matawi ya miti ya Lubumbashi tangu kabla sijazaliwa, alikuwa ameambiwa na ofisi moja ya katikati ya mji kwamba hatagusa tena jakaranda zao bila breve, cheti cha kupanda miti. Wiki iliyofuata ofisi ya pili ikasema vilevile. Kampuni za migodi zilikuwa zimeanza kudai karatasi kwa kila kazi ya kupanda juu, na wengine wakaziiga. Bila breve, papa angebaki na miparachichi ya majirani.

Mafunzo yalikuwa upande wa Kasapa, kwenye uwanja wa mikaratusi. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, kwa hiyo nilimsomea papa nikizunguka meza, nikimweleza kwa Kiswahili. Usivae vyuma vya miguuni kwenye mti utakaoendelea kuishi, kwa sababu kila jino la chuma linauachia kidonda. Jifunge mara mbili kabla ya kuwasha msumeno. Hayo aliyaitikia kwa kichwa. Kisha tukafika kwenye kanuni iliyomfanya avue miwani: hakuna kupanda peke yako, chini lazima awepo mwenzako aliyefunzwa kupanda akushushe ukizimia.

Mtu wa chini wa papa alikuwa mama. Miaka yote yeye ndiye aliyeshika kamba, akiteremsha matawi polepole yasitoboe mabati ya watu, huku papa akimpigia kelele kutoka juu: kushoto, legeza, kaza! Mama mwenyewe hakuwahi kupanda hata mara moja.

"Tutatafuta kijana," papa akasema.

"Kijana gani mwenye kujua kamba yako kupita miye?" mama akajibu. "Mi nitapanda."

Akapanda. Alirudi kutoka mafunzoni na michubuko mapajani, akapika akiwa amesimama kama mimi.

Siku ya mtihani papa alijining'iniza juu ya mkaratusi, akafumba macho, akajifanya amezimia. Mtahini akapuliza filimbi. Mama akaanza kupanda.

"Mama, mwangushe tu, utapata mwingine!" mmoja wa watahiniwa akamtania, wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nikizunguka uwanja, nimetafuna kalamu hadi wino ukanipaka midomo.

Alimfikia. Akafunga mkanda wa papa kwenye mkanda wake, akaanza kuifungua kamba ya papa ili uzito wote umjie yeye. Hapo papa akafumbua macho. "Kushoto, mama. Kaza!" Na mkono wake ukaidaka kamba.

Filimbi.

"Papa, ulizimia ao uko chef wa kazi?" mtahini akauliza kutoka chini. "Muntu wa kuzimia hashikake kamba."

"Alikuwa anakosea!"

"Muache akosee, mi nitaona. Weye ukimusaidia, sitaona kitu."

Walipewa wiki mbili warudie mara moja tu. Tulipofika uani mama akamgeukia papa.

"Ile miaka yote, haukuamini mikono yangu?"

"Naamini."

"Basi funga macho."

Walifanya mazoezi kwenye mparachichi wa jirani, kila alasiri, mimi nikizunguka shina na saa mkononi. Papa alivumilia vizuri mpaka ile dakika uzito wake ulipotoka kwenye kamba yake kwenda kwa mama. Hapo hapo mkono wake ulichomoka kuidaka kamba. Mara tatu, mara nne. Nilimlaumu kwa ukaidi. Akaniambia bila kunitazama, "Toka nianze hii kazi, hakuna muntu alishanibeba." Nikarudi kwenye friji yangu, nikashindwa kuandika hata sentensi moja.

Siku ya marudio upepo ulikuwa mkali na vilele vilikuwa vikigongana. Papa alilegea kama nguo iliyoanikwa. Mama akafika, akafunga, akaanza kufungua. Niliona vidole vya papa vikikunjuka, kisha vikibaki pale pale. Mama akasita. Pete ya chuma iliyounganisha mikanda yao haikuwa imejifunga vizuri. Yeye mwenyewe aliiona, akaibana, akaijaribu kwa kuivuta. Kisha uzito ukahama. Wakati wa kushuka kiwiko cha papa kilikwaruzwa na gome hadi damu ikatoka, naye hakukivuta.

Mama akamlaza juu ya majani makavu. Mtahini akaandika, akafunga karatasi zake. "Bien. Bote babili mumepita."

Papa hakutikisika.

"Papa, mtihani umekwisha," nikasema.

Mama akavua kofia ngumu, akajifuta jasho bila haraka, akafungua mikanda yake mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwinamia.

"Lamuka."

Ndipo akafumbua macho.