Kadi Iliyongoja Sabato Iishe

Watu wakiniuliza habari za India, huwajibu kuhusu joto na pilipili, kwa sababu habari ya kadi hunichoma hadi leo. Atatokea mmoja aseme, "Kwani hukuwa na pesa?" Nilikuwa nazo! Ndiyo maana inauma.

Mama alikuwa anaugua ini, na madaktari wa huku walikuwa wametuelekeza ng'ambo. Kanisa lilichanga, majirani wetu Wakatoliki pale Birongo wakachanga, walimu wenzangu wa Nyanchwa wakachanga, hata wauza ndizi wa soko letu la Keroka ambao mama hakukosa kugombana nao kila siku ya soko. Michango yote iliingia kwa nambari yangu ya simu, maana mimi ndiye kifungua mimba, na nambari hiyo ndiyo tuliyomtangazia kila mtu. Siku ya kuondoka mdogo wangu akaniambia, "Dada, ukienda na laini yako, nani atatoa hizi pesa azipeleke benki? Niachie." Nikaona kweli ana akili. Nikaichomoa laini nikampa, nikapanda ndege na kadi ya benki, pamoja na dola chache ambazo mama alizishonea ndani ya sketi yake ya ndani. Kadi hakuiamini hata kidogo. "Hicho kipande cha plastiki kitatulisha nini?" alikuwa akisema.

Hospitalini kadi haikunisumbua. Unabonyeza tarakimu zako za siri, mashine inatema karatasi, kwisha. Nikaanza hata kumtania mama, "Umekiona kipande chako cha plastiki?" Hakuna aliyeniambia kwamba kununua kitu mtandaoni ni habari nyingine, kwamba benki hukutumia kwanza nambari ya kuthibitisha kwenye laini uliyojiandikisha nayo. Nami sikuuliza.

Ijumaa jioni daktari akaniita pembeni. Dawa zimeshindwa, akasema kwa upole. Kama mama anataka kufika kwake akiwa hai, aondoke kesho. Kuna ndege ya mchana, naye ataandika barua ya kumruhusu kusafiri. Tiketi za kurudi tulikuwa nazo, ila za baadaye. Kilichobaki ni kulipa nyongeza kwa mtandao ili zibadilishwe tarehe.

Nilirudi kwa mama nikamweleza yote, sikumficha. Hakulia. Alisema anachotaka ni kufia kwake, akisikia watu wakizungumza lugha yake. Papo hapo nikatoa simu na kadi. Yeye akaangalia dirishani. "Jua limezama," akasema. "Sabato hatununui kitu. Utalipa kesho likizama tena, tuondoke Jumapili."

Mimi pia ni Msabato. Kwetu, Ijumaa magharibi mkoba hufungwa, simu huzimwa, na chakula cha kesho kiko tayari. Nikairudisha kadi mkobani, tukaimba wimbo wa kuikaribisha siku, mama akiimba kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana. Na kitu ambacho hakikunijia kichwani jioni ile, ambacho sasa nakifikiria kila Ijumaa, ni kwamba jua la India huzama kabla ya letu. Wakati tunaimba, Birongo kulikuwa bado mchana. Mdogo wangu alikuwa shambani anachuma majani chai, laini yangu iko mfukoni mwake, simu inawaka. Ningempigia tu nimwambie, "Nisomee hiyo nambari," angenisomea. Na mimi ni mwalimu wa jiografia, jamani! Nimewachorea watoto wa watu dunia inavyozunguka mpaka chaki imekwisha.

Asubuhi mama aliamka anahema. Akanishika mkono. "Ng'ombe ametumbukia shimoni," akasema. Kila Msabato anajua maneno hayo: ng'ombe akitumbukia shimoni, hutolewa hata siku ya Sabato. "Nitoe, mwanangu. Nipeleke nyumbani."

Nikaandika tarakimu za kadi. Ukurasa ukanijibu niingize nambari niliyotumiwa kwenye simu yangu. Simu ipi? Laini si iko Birongo! Nilikuwa nimenunua laini ya huko India, nikampigia mdogo wangu kwayo. Simu zake zote zilikuwa zimezimwa, kama tulivyolelewa. Nikampigia jirani yetu Mkatoliki, naye, Mungu ambariki, akaacha ng'ombe wake hajamaliza kumkamua, akakimbia. Akanipigia akisema nyumba imefungwa, kanisa limefungwa. Wote wameondoka alfajiri kwenda makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, na hajui wamekwenda upande gani.

Nikajaribu tena, na tena, nikibahatisha nambari kama mwendawazimu, hadi benki ikaifunga kadi. Nikaichana ile sketi, nikamnyooshea muuguzi dola, nikamsihi alipe kwa kadi yake mwenyewe. Masikini, alirudi nyuma akasema sheria haimruhusu. Nilimkasirikia vibaya sana siku ile. Sasa simlaumu, nani angekubali? Sina ugomvi na Sabato pia, wala na mdogo wangu. Ugomvi wangu ni na ile jioni moja, na kadi niliyokuwa nayo mkononi.

Ndege iliondoka bila sisi. Ile ya Jumapili mama hakuiona.

Mchana ule wa Jumamosi alikuwa anasinzia na kuamka, anasinzia na kuamka. Hakujua kwamba tumeshindwa, na sikuwa na mdomo wa kumwambia. Alidhani tuko njiani. Akaniuliza, macho amefumba, "Tumefika wapi?"

Nikasema, "Keroka, mama. Tumeshapita soko."

Uso wake ukalegea, akatabasamu. "Basi mpigie mdogo wako," akasema. "Aweke chai motoni."

Nikapiga. Sauti ya mtambo ikaniambia mteja hapatikani kwa sasa. Nami nikasema kwa nguvu, ili mama asikie, "Ndiyo, weka maziwa mengi. Tunaingia."