Kadi ya Bangi ya Mama

Mama yangu akinusa bangi tu, huvuka barabara. Hapa Walthamstow, Uingereza, hiyo ni kazi ya kutwa: unavuka kwa sababu ya hawa waliokaa kwenye kibaraza cha duka, unakutana na wengine nje ya kinyozi, unarudi ulikotoka. Atavuta pembe ya mtandio aibane puani, atasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kutosha kusikika, na mie niko nyuma na mifuko ya mihogo na ndizi kutoka sokoni, namwomba Mungu wasijue anawasema wao.

Kwa hiyo siku aliponiuliza, tunamenya viazi jikoni, "Hivi hiyo kadi ya bangi hupatikana ofisi gani?" nilidhani maradhi yamempanda kichwani.

Mama ana sukari miaka mingi, na sukari imemla mishipa ya miguu. Si ganzi, ni moto. Shuka haliwezi kumgusa vidole. Alifika pahala hawezi tena kusimama kwenye sala, akawa anasali juu ya kiti cha jikoni, na kwa mtu kama yeye hilo lilimuuma kuliko miguu yenyewe. "Nataka nisimame mbele ya Mola wangu japo rakaa mbili," alikuwa akisema. Tulishazunguka maduka ya Waarabu ya Edgware Road tukanunua habasoda, mafuta ya karafuu, asali ya Yemen na kila chupa aliyoapiwa na mwenye duka. Miguu ikanukia vizuri, ikaendelea kuwaka.

Aliyemtia maneno ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayesafisha maofisi siku sita na kuimba kwaya siku ya saba. Mumewe aliumia mgongo. Akamwambia mama kwenye lifti: "Bwana yangu alikuwa hapana kulala, mama. Sasa iko analala muzuri sana. Daktari anamwandikia. Na polisi akimuuliza, anaonyesha kadi."

"Nimeiona kadi yenyewe," mama akanambia. "Ina picha yake. Kavaa tai."

"Mama, unazungumza habari ya bangi."

"Nazungumza habari ya dawa. Nilipopasuliwa nyongo mlinitia morfini, mbona hamkuniuliza? Morfini si kasumba ile ile?"

Nikachukua kiazi kingine. Mtu aliyesoma chuo cha Kurani kwa bakora hushindani naye kwa hoja.

Basi nikaingia kuchimba, na mie udadisi ukinishika sili. Nilichokikuta kilinishangaza. Bangi Uingereza ingali haramu. Ukikamatwa nayo una kesi. Wanasiasa wanabishana waifungulie au wasiifungulie, na jibu halijaja. Ila daktari bingwa anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa, na dawa ikatoka kihalali na lebo ya jina lake. Na kadi je? Kadi si sheria wala si dawa. Ni kadi tu, yenye picha, ya kumwambia polisi: kabla hujamtia pingu bibi huyu, soma kwanza. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Nchi haijaamua, ila imeshapata kitambulisho cha kutoamua kwake!

Kliniki niliyoipata ilitaka jambo moja kubwa: rekodi za daktari wetu wa mtaa zionyeshe kwamba mama ameshajaribu dawa mbili za kawaida, na zote mbili hazikumfaa. Rahisi, nikasema. Kazi yangu ni mafaili. Nakaa ofisi ya nyumba za halmashauri, kutwa nasoma maisha ya watu kwenye fomu na kuwaambia karatasi gani imepungua. Nikajaza, nikaambatanisha idhini ya kuzichukua rekodi, nikatuma kwa kiburi kidogo.

Wakanirudishia. Samahani sana, walisema, kwa mujibu wa rekodi maumivu ya mgonjwa yamedhibitiwa.

Yamedhibitiwa? Miguu ya nani? Nikaziomba rekodi nizisome mwenyewe. Zikaja kurasa chungu nzima, na nikakaa nazo kwenye meza ya kulia chai. Mgonjwa anasema hajambo. Mgonjwa anasema dawa imemfaa, anashukuru. Mgonjwa hana malalamiko. Maumivu: kidogo. Ukurasa baada ya ukurasa, mwanamke mzima wa afya, anakwenda hospitali kama mtu anayekwenda kuzuru jamaa. Na chini ya kila ziara: mkalimani, binti yake.

Nikampandia mama palepale.

"Mama, mbona ulikuwa ukinambia nimwambie daktari dawa imekufaa?"

"Sasa nimwambieje? Kijana wa watu amehangaika, ameniandikia kwa roho safi, nimwambie dawa yako haina maana? Nimvunje moyo?"

"Na ilikufaa?"

"Ilinilaza. Nikisujudu nasinzia palepale juu ya msala."

"Na ile ya pili?"

"Ile ilinitapisha, nikaiacha."

"Loo! Na alipokuuliza hali?"

Akanitazama kwa yale macho yake ya kunipima. "Mtu akikuuliza hujambo, unamwambia sijambo, alhamdulillah. Au mie nilikulea ujibu vingine?"

Nilitaka kupiga kelele, nikashindwa, maana ndivyo tulivyo. Kwetu mtu yuko kitandani hali mbaya, ukimuuliza atakwambia hajambo kidogo, na wewe uliyeuliza ndiye wa kumsoma uso. Daktari wa hapa anasoma kompyuta. Nikamhubiria: mama, nchi hii usiposema unaumwa, huumwi. Mficha maradhi kilio humfichua.

"Methali hiyo nilikufundisha mie," akasema, akaendelea kukuna nazi yake.

Nikachukua miadi nyingine kwa daktari wa mtaa, ili mama aseme kweli yake na rekodi irekebishwe. Njiani ndani ya basi nikamfunza kama mtoto wa mtihani. Akikuuliza hali, unasemaje? Naumwa. Dawa je? Hazikunifaa. Usimshukuru kabla hajakusaidia, mama, nakuomba. Alikuwa akiitikia kwa kichwa huku anatazama dirishani, na mie moyoni nimeshamhukumu: haya yote ni adabu yake ya kizamani, na mie ndiye ninayeifagia.

Daktari alikuwa mwanamke mgeni kwetu, mpole. Nikavuta kiti karibu na mama kama siku zote, tayari kwa kazi. Akanambia kwa adabu kwamba angependa kutumia mkalimani wa kwenye simu, si jamaa ya mgonjwa. Nilikasirika hasa. Mie niliyemsemea mama yangu miaka yote hii leo nimekuwa jamaa tu! Lakini nikameza, nisije nikamharibia mambo.

Simu ikawekwa mezani, ikatoka sauti ya kijana wa bara.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkalimani wako. Kila utakalolisema nitamwambia daktari, siongezi wala sipunguzi."

"Marahaba, baba. Kila nitakalolisema?"

"Kila kitu, mama."

"Basi kaa kitako."

Daktari akamuuliza hali, kijana akafasiri. Mama akaanza, "Sij…" akanitupia jicho, akakohoa. "Sijambo. Lakini naumwa."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza, sasa ni zile dawa mbili na safari ya nyumbani. Wapi! Mama akafunguka. Alisema moto unaanza kwenye vidole vidogo, unapanda kama mtu anakupaka pilipili kwa brashi, polepole, ili usikose pahala. Alisema kuna saa anaziweka nyayo juu ya vigae vya jikoni apate baridi, na akisikia mlango wangu anarudi kitandani haraka, nisimkute. Alisema siku moja alitamani miguu ikatwe, akatubu kwa Mungu kwa kutamani. Anasema kipande, ananyamaza, kijana anafasiri kipande kile kile, na mie nakisikia mara mbili, kwa lugha mbili, sina la kufanya ila kusikia. Ilinichoma. Tunaishi nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu, na haya nilikuwa siyajui.

Daktari akauliza kwa upole: kwa nini hukuyasema haya zamani?

"Nilisema," mama akajibu.

Daktari akageukia kompyuta, akateremka kurasa, akasoma kwa sauti alichokikuta cha zamani zaidi: ganzi ndogo miguuni, ya mara moja moja.

Nikaikumbuka siku ile. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa moja kazini, tumekaa kusubiri dakika arobaini, na mama alipofungua kinywa hakukifunga. Alianza na moto, akaingia kwenye pilipili, akataja vidole kimoja kimoja. Mie naangalia saa. Alipovuta pumzi, nikamgeukia daktari nikasema: anasikia ganzi kidogo, mara moja moja. Maneno hayo ni yangu. Nikakumbuka na siku nyingine kama hiyo, na nyingine, mpaka pale alipoacha mwenyewe kurefusha, akawa anasema hajambo.

Kijana wa kwenye simu alikuwa ameshamfasiria mama ile sentensi ya kompyuta. Mama akasema bila kunitazama:

"Mie nilisema mengi, yakatoka machache. Nikadhani Kiingereza ndivyo kilivyo, maneno yake mafupi."

Na kijana, kwa kuwa aliahidi, hakupunguza. Akalifasiri na hilo. Daktari akanitazama, kisha akawa na adabu ya kurudisha macho kwenye kompyuta, akaandika. Aliandika muda mrefu. Nilisikia aibu ambayo sijapata kuisikia maishani mwangu, na hata kumwomba mama radhi palepale sikuweza, maana simu ingali wazi na kila neno lingefasiriwa.

Niliomba radhi ndani ya basi. Akanipiga piga goti. "Una kazi nyingi, mwanangu. Mie naona."

Barua ya daktari ilikwenda kliniki, na safari hii hawakuirudisha. Dawa yake ni mafuta, matone chini ya ulimi. Hayamlevyi, anasema yamemtia njaa tu. Kadi nayo ikaja kwa posta, na picha yake ndani ya mtandio mweupe, kakunja uso kama kadhi. Moto haujazimika wote. Lakini rakaa mbili za mwanzo anazisali kwa miguu yake, halafu ndiyo anakaa.

Wiki iliyopita ikaja barua ya kwenda kumwona daktari wa mtaa tena, kutazama maendeleo. Nikamwambia nitaomba ruhusa kazini nimpeleke. Mama alikuwa anakunja nguo, hakuacha.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema, kwa upole wote aliojaaliwa. "Nifikishe mlangoni tu. Ndani yumo yule kijana wa kwenye simu, ananitosha."