Kijani Wasichokula Ng'ombe

Saa saba mchana. Umeme umekatika kwa mara ya pili tangu asubuhi, na feni ya ofisi imenyamaza. Dikko Altine ameinua kompyuta yake juu ya matofali mawili, na katikati ya matofali ametandika kitambaa kibichi ili mashine isiungue kwa joto la Niamey la mwezi wa nne. Betri imebaki robo.

Kwenye kioo imetandazwa nchi nzima, rangi juu ya rangi. Kijani ni malisho tele. Njano ni kiasi. Nyekundu ni ukame. Kila siku kumi picha mpya hushuka kutoka angani, na Dikko huziweka juu ya nyingine za miaka ishirini na minne, tabaka mia nane na zaidi, apate kujua mwaka huu umepungua wapi.

Pembeni ya kioo unaning'inia mfundo wa kitambaa cheusi cha kilemba. Ndani yake mna majani makavu.

"Mtumwa wangu, bado unahesabu nyasi?" anauliza Kiari, mwenzake wa meza ya pili. "Babu zako angalau walihesabu ng'ombe."

"Na babu zako walihesabu wa kutuibia," Dikko anajibu bila kugeuka.

Kiari ni Mkanuri, Dikko ni Mfulani. Wao ni watani, na mtani hachagui neno. Lakini leo hata kicheko cha Kiari ni kifupi. Kamati ya pumba inakaa tangu saa tatu katika jengo la pili. Itaamua ni wilaya zipi zitapelekewa chakula cha mifugo kabla ya mvua, na inaamua kwa kutazama ramani.

Kwenye ramani hiyo, bonde la Gadawa, kaskazini ya Bermo, ni kijani kibichi. Chini ya ramani kuna saini ya Dikko. Kwa wiki tatu sasa anaomba rangi hiyo ifutwe.

Dikko ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa kambini, binti na mtoto wa kwanza wa mzee Altine Juulde, na kwa desturi ya Wafulani baba hatamki jina la mtoto wake wa kwanza mbele za watu. Alipofikisha miaka tisa, mtu wa serikali alipita akidai kila kambi itoe mtoto mmoja wa shule. Wengine waliwaficha watoto wao. Altine akamtoa huyo huyo wa kwanza.

"Watu walimcheka," anasema Dikko. "Wakamwambia, umempa serikali ndama wako mwenyewe, maziwa utayanywea wapi? Hakuwajibu. Baba si mtu wa kujibu."

Akasoma shule mjini Dakoro, kisha jiografia katika chuo kikuu cha Niamey. Sasa ni mwaka wa tisa yuko katika ofisi hii ya kufuatilia ukame, kwa mkataba unaoandikwa upya kila mwaka. Hupokea faranga laki moja na elfu themanini na tano kwa mwezi. Arobaini elfu huenda kambini.

Wafugaji wa kwao hawahami kwa kubahatisha. Kwanza hutumwa mtafuta malisho. Huenda siku tatu au nne, hukanyaga, hung'oa, huonja, kisha hurudi na konzi ya nyasi amezifunga katika pembe ya kilemba. Wazee hufungua mfundo, hunusa, hutafuna. Ndipo wanasema twende au tukae.

Mwezi wa kumi uliopita, mtafuta malisho hakutumwa. Baba yake Dikko alipiga simu.

"Akaniuliza kwa mbali, kama desturi yake: huko kwenu wanasemaje juu ya Gadawa? Nikafungua ramani. Nikaona kijani ambacho sijakiona tangu nianze kazi. Nikamwambia, Baba, ni tele. Akaniuliza mara moja tu: umeiona? Nikasema, nimeiona."

Dikko anageuza kile kitambaa kibichi upande wa pili.

"Baba mdogo Bandi alikuwa ameshatandika ngamia aende kutafuta. Baba akamwambia, tandua. Mtoto ameiona."

Walihama na ng'ombe arobaini na watatu. Walipofika, Gadawa ilikuwa kijani kweli. Lakini lilikuwa gugu, lile lenye jani pana linaloota pale ardhi ilipokwisha kuchoshwa kwa malisho. Ng'ombe hulinusa na kupita. Kutoka angani, jani ni jani. Nukta moja ya picha hubeba eneo la viwanja vya mpira kumi na viwili, na picha haina ulimi.

Kurudi kusini kulikuwa na njia ya siku kumi na moja, na mifugo imeshalegea. Miongoni mwao alikuwemo Oole, ng'ombe wa manjano, wa uzao wa yule aliyepewa Dikko siku ya kupewa jina. Asubuhi nne mfululizo wanaume walimwinua kwa miti. Asubuhi ya tano hawakumwinua.

Wamebaki kumi na mmoja. Wengine waliuzwa njiani kwa faranga elfu arobaini kila mmoja, ng'ombe ambaye mwaka wa kawaida hauzwi chini ya laki mbili.

Wiki tatu zilizopita, dereva wa basi la Dakoro alimletea Dikko mfundo wa kitambaa. Hapakuwa na barua wala salamu. Alipoufungua akakuta lile gugu.

"Baba angenitukana ningelala," anasema. "Alinitumia kile ambacho mtafuta malisho angemletea."

Siku hiyo hiyo alilipeleka gugu kwa mkuu wake wa kazi, Bwana Kimba. Alieleza kwamba zimesalia kambi nyingine zaidi ya sitini kandokando ya Gadawa, na zisipopata pumba zitamalizika kama ya kwao. Bwana Kimba alilitazama lile jani, akalirudisha.

"Alisema, Dikko, mwezi wa kumi na moja ulitia saini kijani. Leo unataka nyekundu. Kamati itaniuliza kilichobadilika ni nchi au ni baba yako?"

Bwana Kimba alipoulizwa, hakukana. "Namheshimu sana yule binti," alisema. "Lakini kila mtu hapa ana kijiji chake. Nikibadili rangi kwa machozi ya mmoja, kesho foleni itafika barabarani. Alete takwimu."

Ndizo anazozitafuta. Katika picha za miaka ishirini na minne ameona jambo: nyasi za kweli hukauka mwezi wa kumi, gugu hubaki kijani hadi wa kumi na moja. Ule ukijani wa kuchelewa ndio alama yake. Sasa anarudia kila picha, nukta kwa nukta, na Gadawa imeanza kubadilika rangi mbele ya macho yake. Lakini kuthibitisha kunahitaji mtu aliyesimama pale na kuangalia ng'ombe anakula nini, na hakuna aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Saa kumi kasoro, mlango unafunguliwa. Ni Kiari, aliyekuwa ametoka kuulizia habari za kamati. Anavuta kiti, anakaa, anapangusa meza isiyo na vumbi.

"Dikko," anasema.

Hakumwita mtumwa. Dikko anafumba macho.

"Gadawa haimo," anasema Kiari. "Walisema kule kuna malisho. Walionyesha ramani."

"Ramani yangu."

"Ramani yako."

 Kisha Dikko anachukua simu, anatoka nje na kusimama chini ya kivuli cha ukuta, anampigia Jibbo, mdogo wake wa kiume. Anamwambia habari za kamati. Halafu anamwambia jambo la pili: mwezi wa nane atachukua likizo isiyo na malipo. Atakwenda na watafuta malisho, aandike mahali mia mbili, ng'ombe wanakula au hawali, na kila mahali apachike kwenye picha zake. Akizipeleka takwimu hizo na Kimba akazikataa, basi akatae akiwa amezisoma.

"Dada, ngoja," anasema Jibbo. "Mzee yuko hapa."

 Kwa mbali inasikika sauti ya mzee, akisema na mwanawe wa kiume kana kwamba hakuna mwingine anayesikiliza.

"Mwambie huyo mtu wa Niamey aje na viatu vizuri. Nchi haikanyagwi kwa macho."